Ardhi ya Rungwe: Mabadiliko ya Karne Moja na Haki ya Mirathi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Matwebe, wilayani Rungwe)





Mada niliyopewa ni mabadiliko ya maisha na uchumi katika wilaya yetu kwa muda wa karne moja na zaidi. Mada hii ni pana, na wakati tulio nao ni mfupi. Kwa hiyo nitafuata jambo moja tu, nalo ni ardhi: ilikuwa nini kwa babu zetu, imekuwa nini kwetu, na sisi Waislamu tunawajibika nini juu yake.

Desturi ya wazee wetu

Wazee mliopo hapa mmesikia kwa baba zenu habari za vijiji vya marika. Kijana wa Kinyakyusa alipofika umri wa miaka kumi hivi, aliondoka nyumbani kwa baba yake akaenda na wenzake wa rika moja kujenga vibanda vyao pembeni. Walichunga ng'ombe wa baba zao, walikula kwa mama zao, lakini walilala kwao. Walipokua na kuoa, kibanda kikawa nyumba, na vibanda vikawa kijiji. Kisha, mara moja katika kila kizazi, ilifanyika sherehe ya ubusoka. Wazee walikabidhi utawala kwa watoto wao, wakasogea pembeni, na vijana wakapewa ardhi ya kuishi na kulima.

Habari hizi ziliandikwa kwa kirefu na wataalamu wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, waliokaa katika nchi hii katika miaka ya 1930. Waliandika pia jinsi mali ilivyorithiwa. Mtu alipofariki, ng'ombe wake na hata wajane wake walichukuliwa na ndugu yake wa tumbo moja, kabla ya zamu ya wanawe kufika. Binti hakutajwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta ng'ombe wa mahari, lakini hakurithi ng'ombe.

Kahawa, chai na fedha

Mabadiliko yalikuja kwa mfululizo. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walifika Rungwe. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi. Utawala wa Wajerumani ulileta kodi ya nyumba, na kodi ilitaka fedha. Mwaka 1916 Waingereza wakaiteka Tukuyu, nao kodi hawakuifuta. Vijana wakatoka kutafuta fedha, wengine kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, wengine mpaka kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kijana aliyerudi na mshahara wake aliweza kununua ng'ombe wa mahari bila kumngoja baba.

Lakini lililobadilisha ardhi yenyewe ni mazao ya kudumu. Mahindi na maharage huvunwa, na shamba likabaki wazi. Mti wa kahawa hukaa miaka mingi, na aliyeupanda hawezi kuondoka na kumwachia mwingine kwa sababu tu rika lake limepitwa na zamu. Kahawa ilipoenea milimani, mzee hakutaka tena kusogea. Vijiji vya marika vikafifia, na ubusoka ukabaki hadithi. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikauondoa pia utawala wa machifu, na malafyale akabaki na heshima bila mamlaka.

Baada ya uhuru chai, ambayo kabla ilikuwa zao la mashamba makubwa, ilifika kwa wakulima wadogo, na viwanda vya Katumba na Mwakaleli vikawa tegemeo la maelfu ya kaya. Sasa imeongezeka migomba ya biashara, ng'ombe wa maziwa, na maparachichi yanayosafirishwa mpaka Ulaya. Wakati huo huo watu wameongezeka na ardhi haikuongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 339,000 katika Rungwe pamoja na Busokelo.

Basi tazameni, ndugu zangu. Ardhi ambayo zamani iligawiwa na kijiji, leo ni mali ya mtu. Ina bei, ina mpaka, na ina mgogoro. Na kila kilicho mali kina mirathi.

Desturi iliyobaki na desturi iliyoondoka

Hapa ndipo penye msiba wetu. Katika desturi ya zamani kulikuwa na jema na baya. Jema lilikuwa kwamba mzee aliwakabidhi vijana ardhi angali hai. Baya lilikuwa kwamba mjane na binti hawakuwa na fungu. Karne hii imeliondoa lile jema, na baya tumelishika. Mzee hufariki bila kugawa chochote wala kuandika chochote. Arobaini haijafika, ndugu wa marehemu wanapima shamba kwa hatua. Mjane aliyechuma chai ile kwa mikono yake anaambiwa arudi kwao. Binti anaambiwa kwamba ameolewa, hana chake. Na wanaofanya hivyo wengine tunasimama nao safu moja katika Sala.

Jambo hili lilipata hukumu zamani. Baada ya vita vya Uhudi, mjane wa Saad bin Rabi r.a. alikuja kwa Mtume s.a.w. na binti zake wawili. Alilalamika kwamba Saad ameuawa shahidi, na ami yao ameichukua mali yote. Ndipo Mtume s.a.w. akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kinachobaki ndicho chake. Ilikuwa ni desturi ileile ya ndugu kuchukua kila kitu, na Uislamu uliivunja. Mafungu yenyewe yametajwa katika Sura An-Nisaa, mali iwe kubwa au ndogo. Hata Punjab, alikotokea Seyyidna Ahmad a.s., mila za koo zilimnyima binti ardhi, na yeye alikuja kuihuisha sheria ya Kurani, siyo mila.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki akaacha mke mmoja, wana wawili, mabinti watatu na ekari nane. Wazazi wake hawako hai. Kwanza hulipwa gharama za mazishi na madeni, na mahari ya mke ambayo haijalipwa ni deni. Kisha hutimizwa wasia, usiozidi theluthi moja wala kumpendelea mrithi. Tuseme hakuna deni wala wasia. Mke hupata thumni, yaani ekari moja. Zinabaki saba: kila mwana ekari mbili, kila binti ekari moja. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Wapo wasemao kwamba binti akipewa, ardhi ya ukoo itapotea. Ndugu yangu, mkeo naye ni binti wa ukoo mwingine. Je, fungu lake ungelikataa? Kama shamba ni dogo, kaka na wanunue fungu la dada yao kwa bei ya haki na kwa ridhaa yake, siyo kwa kumtisha. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Hivyo anayemdhulumu mjane hana pa kujificha, si kwa dini wala kwa serikali.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mwenye shamba alipime, mipaka ishuhudiwe na majirani na halmashauri ya kijiji, na aombe hati ya hakimiliki ya kimila. Pili, aandike madeni yake na wasia wake mbele ya mashahidi. Tatu, wazee tuirudishe ile desturi njema. Mpeni kijana sehemu ya kulima mngali hai, kabla hajakata tamaa akakimbilia Mbeya au Dar es Salaam. Lakini mkitoa zawadi, toeni kwa usawa, kwani Mtume s.a.w. alikataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa mtoto mmoja na wenzake wakaachwa. Nne, mtu akifariki miongoni mwetu, Jamaat isiondoke makaburini ikadhani kazi imekwisha. Imsaidie mjane mpaka apate haki yake.

Kahawa imekuja, chai imekuja, parachichi limekuja, na baada ya miaka mia litakuwapo zao jingine. Sisi hatutakuwapo. Kitakachotufuata ni jinsi tulivyoigawa ardhi hii. Mwenyezi Mungu atuepushe na dhuluma ya mayatima na wajane, na atupe nguvu ya kutekeleza tunayoyasikia. Amin.