Nani Atangulie?

Dominika ya Tano ya Pasaka, Mwaka A. Somo: Mdo 6:1-7



Somo la kwanza la leo latupeleka Yerusalemu, penye manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Hatuambiwi kwamba kuna aliyewachukia. Walisahauliwa tu, na aliyesahauliwa hulala njaa sawasawa na aliyenyimwa.

Machi 2021 chanjo za kwanza za korona zilifika Kenya: dozi milioni moja na ushee, kwa nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Tena kila mtu alihitaji dozi mbili. Ilibidi kuchagua. Walitangulizwa wahudumu wa afya, pamoja na walimu na polisi. Kisha, kabla mwezi haujaisha, wenye umri wa miaka 58 na zaidi.

Sisi twaona utaratibu ule ulikuwa wa haki. Muuguzi hakutangulizwa kwa kuwa uhai wake una thamani kuliko wa mchuuzi wa sokoni, bali kwa kuwa akiugua yeye, wodi nzima yakosa wa kuihudumia. Mzee naye alitangulizwa kwa kuwa ugonjwa ule uliwaua wazee zaidi kuliko vijana. Cheo na fedha havikuwamo katika hesabu hiyo, wala havikustahili kupenyezwa kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Chupa moja ya chanjo ile ilikuwa na dozi 10, na ikiisha kufunguliwa ilipasa itumike ndani ya saa 6. Jioni zikibaki dozi 3 na wazee hawapo, kumchanja kijana aliye karibu si dhambi. Kuzimwaga ndiko hasara. Dhambi ni kumpigia rafiki simu asubuhi, ili zibaki.

Lakini liko jambo gumu zaidi. Bibi wa miaka 70, asiye na simu, akaaye mbali na hospitali, ametangulizwa karatasini. Njiani ni wa mwisho. Hakuna aliyemnyima, ni mjane wa Yerusalemu yule yule.

Mitume walipolalamikiwa hawakujitetea. Waliita kusanyiko zima, wakachaguliwa watu saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani! Ugawaji ukawekwa mikononi mwa watu ambao, yaelekea, walijua lugha ya wajane wale na milango yao.

Ndugu makatekista, siku itakapokuja tena chanjo isiyowatosha wote, orodha ya hospitali itaonyesha umri wa Bibi. Haitaonyesha njia ya kwenda kwake, wala jirani mwenye baiskeli awezaye kumpakia. Hayo yajulikana kigangoni.