Komodoro Shufeldt na Ahadi ya Maandishi



Watu wa Olympic, Kibera, wako mbali na bahari, lakini wengi wao wamewasikia wazee wakiitaja nguo ya merikani. Jina hilo lilitokana na wafanyabiashara wa Marekani, walioileta nguo hiyo Unguja katika karne ya 19. Biashara yao ilitegemea mapatano ya Septemba 1833 kati ya Seyyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Bidhaa zao zilizoteremshwa zilitozwa ushuru wa asilimia 5 tu.

Seyyid Said alifariki mwaka 1856, na dola yake ikagawanyika, Maskati mbali na Unguja mbali. Likazuka swali: je, ahadi ya baba huwafunga wana?

Aliyekuja kulitafutia jibu ni Robert Wilson Shufeldt. Alizaliwa mwaka 1822 katika jimbo la New York, akaingia jeshi la bahari mwaka 1839. Mwaka 1854 aliiacha kazi hiyo akawa nahodha wa meli za biashara, na baadaye konseli wa nchi yake huko Havana. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alirudi jeshini.

Desemba 1878, akiwa Komodoro, alisafiri na manowari Ticonderoga kuizunguka dunia, akiitafutia nchi yake masoko. Alifika Unguja mwaka 1879. Seyyid Barghash akakubali kwa maandishi kwamba mapatano ya baba yake yaendelee.

Kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa Korea. Tarehe 22 Mei 1882 alitia sahihi mapatano ya kwanza ya nchi hiyo na taifa la Magharibi. Humo Marekani iliahidi kuisaidia Korea kwa usuluhishi, iwapo taifa jingine litaionea.

Shufeldt alistaafu mwaka 1884 na kufariki mwaka 1895. Hakuishi kuona Japani ikiitia Korea chini ya ulinzi wake mwaka 1905, na Marekani ikanyamaza. Unguja nayo ilikuwa imekwisha kuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka 1890. Mapatano ya ushuru hayakuizuia.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Basi mwenye kutia sahihi na aulize mambo mawili: ni nini kilichoandikwa, na ni nani atakayemlazimisha mwenye nguvu kulilipa deni hilo.