Kabla Mtoto Hajaingia Shule

Somo letu la leo ni juu ya mtoto anayeingia darasa la kwanza.

Mzazi hununua daftari, kalamu na nguo za shule. Ni vyema. Lakini macho ya mtoto je? Masikio yake je? Mtoto asiyeona vizuri hajui kwamba ana ugonjwa. Hudhani watu wote huona kama yeye. Ubaoni huona ukungu tu. Mwalimu humwita mvivu, na baba humwita mjinga. Kumbe akili anayo, haoni.

Basi mpelekeni zahanati mapema, kabla shule haijafunguliwa. Chukueni na kadi yake ya kliniki. Hapa Tanzania chanjo ya surua hutolewa mara mbili: mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Kama alikosa moja, mwambieni mganga; msifiche. Ombeni apimwe macho, masikio na minyoo.

Hata nyumbani jaribuni. Simameni nyuma yake, mwiteni kwa sauti ndogo. Je, anageuka?

Sasa andikeni: "Nitampeleka mtoto apimwe kabla sijamlaumu." Someni tena kwa sauti. Kwa herini.