Mbwa Anayefuata Harufu

Leo tumekusudia kunena habari za mbwa anayefanya kazi kwa pua. Huku Buha, katika nchi ya vilima ya Kasulu na Kibondo, mbwa huyu ni mlinzi wa shamba. Nguruwe mwitu akiingia usiku katika mihogo, asubuhi mbwa huonyesha njia aliyopita.

Asidharauliwe kwa kuwa ni wa kijijini. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo wasiobweka kama wengine, nao huvishwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue walipo. Mwaka 1937 walionyeshwa London, na leo hufugwa katika nchi nyingi kwa jina la basenji.

Pua ya mbwa ni mbichi, nayo hunasa harufu. Pumzi aitoayo hupita katika nyufa za kando ya pua, isije ikafukuza harufu mpya. Harufu hudumu penye ubaridi na umande; jua likipanda hufifia. Tena mbwa anayehema kwa joto hawezi kunusa vema. Basi mwenye busara humtoa alfajiri, humpa maji, na kumpumzisha kivulini. Akisitasita njiani, tusimpige. Mbwa apigwaye huitazama fimbo, huiacha njia.

Ugali mtupu haumtoshi: aongezewe dagaa au mabaki ya nyama. Asipewe mifupa iliyopikwa, maana huvunjika vipande vikali. Penye mbung'o, macho yake yakiingia ukungu, tumwite bwana mifugo.

Sasa neno lililo kubwa. Mbwa aingiaye porini aweza kuumwa na bweha mwenye kichaa, akauleta ugonjwa nyumbani, na aumwaye mara nyingi ni mtoto. Dalili zikiisha kumtokea mtu, karibu hapana aponaye. Lakini kinga ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa, mwaka 1885. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akachanjwe, hata kama jeraha ni dogo.

Na mbwa mwenyewe achanjwe kila mwaka. Mlinzi wa shamba asiyechanjwa aweza kuokoa mihogo yetu, akatupotezea mtoto. Siku ya chanjo ikitangazwa kijijini, tuwafunge kamba mbwa wetu, tuwapeleke wote.