Aliyeshinda Amngoje Mwenzake

 

Leo tunazungumza juu ya mwanamke mmoja wa Ethiopia, mkimbiaji wa mbio ndefu. Jina lake ni Derartu Tulu. Mtu ataniuliza: «Sisi tuliacha mashamba yetu, tunalala chini ya shitingi. Mbio za Ethiopia zinatuhusu nini?» Ninaomba musikilize mpaka mwisho. Habari hii inagusa jambo ambalo linavunja vijiji vyetu vingi, ndiyo mwenendo wa mtu siku ile anapomshinda mwenzake.

Derartu alizaliwa mwaka wa 1972 huko Bekoji, katika jimbo la Arsi, inchi ya milima na baridi. Alikuwa mtoto wa saba katika jamaa ya watoto kumi, na alichunga ngombe kama watoto wengi wa kwetu. Alikua wakati wa utawala wa kijeshi na wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo vilikwisha mwaka wa 1991, wakati Mengistu alipokimbia inchi. Ethiopia ilikuwa imekosa Michezo ya Olimpiki mara mbili, mwaka wa 1984 na wa 1988. Ilirudi mwaka wa 1992 huko Barcelona, katika Hispania, na Derartu, mwenye miaka 20, alikuwa kati ya wakimbiaji wake.

Kulikuwa inchi nyingine iliyorudi mwaka ule: Afrika Kusini. Hiyo ilikuwa imekaa inje ya Michezo ya Olimpiki tangu mwaka wa 1960, ni kusema miaka 32, kwa sababu ya siasa ya ubaguzi wa rangi. Na musifikiri kwamba mambo yalikuwa yamekwisha kutengenezwa. Mwaka ule wa 1992 watu weusi wa Afrika Kusini hawakuwa bado na haki ya kupiga kura. Mwezi wa sita, watu zaidi ya 40 waliuawa usiku mmoja huko Boipatong, na mazungumzo ya amani yakakatika. Wiki chache tu nyuma ya mauaji hayo, wakimbiaji walisimama kwenye mstari huko Barcelona.

Mbio zenyewe zilikuwa za mita 10.000, ndiyo kuzunguka kiwanja mara 25. Mwanzoni, aliyeongoza alikuwa Liz McColgan wa Uingereza, bingwa wa dunia wa mwaka wa 1991. Kiisha nusu ya mbio, mwanamke mweupe wa Afrika Kusini, Elana Meyer, akatoka mbele kwa nguvu. Wote wakabaki nyuma, isipokuwa mmoja: Derartu. Msichana huyu mweusi alimfuata Meyer hatua kwa hatua, mzunguko kwa mzunguko, bila kumpita. Ulipobaki mzunguko mmoja, akachomoka, na Meyer hakuweza kumfuata tena. Derartu alimaliza kwa dakika 31 na sekunde 6. Meyer alifika karibu sekunde 6 nyuma yake, na Lynn Jennings wa Marekani akawa wa tatu. Hivi Derartu akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika kupata medali ya zahabu katika Michezo ya Olimpiki.

Sasa musikilize yaliyofuata. Derartu angeweza kuchukua bendera yake na kwenda zake peke yake. Hakuna sheria ya mbio iliyomkataza. Lakini alimngoja Meyer. Wakakumbatiana, wakashikana mikono, na wote wawili wakazunguka kiwanja pamoja mbele ya watu, mweusi na mweupe, mshindi na mshindwa. Miaka mingi imepita, na watu wengi wanaokumbuka mchezo ule wanakumbuka ile mikono kuliko dakika na sekunde.

Wasikilizaji, katika habari hii ninaona mambo matatu.

La kwanza: wote wawili walikubali sheria moja mbele ya kuanza. Mstari wa mwanzo ulikuwa mmoja, na hesabu ya mizunguko ilikuwa moja kwa wote. Hakuna aliyebadilisha sheria katikati kwa sababu anaona anashindwa. Washefu na wazee, jambo hili linawaangalia ninyi. Mukiitwa kukata maneno ya shamba kati ya mtu aliyerudi na mtu aliyelilima wakati mwenzake alikuwa amekimbia, muwaambie wote wawili tangu mwanzo ni nani atasikilizwa, mashahidi wangapi, siku gani, na mipaka itaonyeshwa na nani. Sheria inayojulikana na mmoja tu, ao inayobadilika kufuatana na zawadi iliyoletwa usiku, ni mtego.

La pili: Derartu hakumwachia Meyer ushindi. Alikimbia kwa nguvu zake zote. Ninasema hivi kwa sababu kuna watu wanaofikiri kwamba tukihubiri amani, tunawaomba wenye haki wanyamaze. Hapana. Mama mjane ambaye shamba la mume wake limechukuliwa ana haki ya kulidai mpaka mzunguko wa mwisho. Aende kwa shefu, aende kwenye tribinali, alete mashahidi wake. Amani haimkatazi kushinda. Inamkataza kumwangusha mwenzake njiani kwa panga ao kwa moto.

La tatu ndilo kubwa kwangu: mshindi alingoja. Sisi Waswahili tunasema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni neno la kweli, lakini linamfundisha mshindwa peke yake. Na mshindi, nani anamfundisha? Mimi nilisoma sheria, na katika masomo yetu kesi inamalizika siku hukumu inaposomwa na wakati wa kukata rufaa unapopita. Kijijini hukumu ikisomwa, watu hao wawili wanarudi nyumbani kwa njia moja, wanachota maji kwenye chemchemi moja, na watoto wao wanaketi kwenye banki moja ya masomo. Mshindi akiimba mbele ya nyumba ya mwenzake, akileta vijana kumcheka, akingoa mihogo iliyopandwa ili kuonyesha kwamba shamba ni lake, basi hukumu ile nzuri imezaa vita vingine. Munajua ninayosema. Vita vingi vya kwetu vilianza kwa sababu ya haya aliyovishwa mtu mbele ya watoto wake.

Basi, kungoja ni kufanya nini? Nitawapa mifano. Aliyepewa shamba amwache mwenzake avune alichopanda, na wakubaliane tarehe ya kutoka, iandikwe kwenye karatasi mbele ya mashahidi. Aliyechaguliwa kuwa mkubwa wa kamati ya kambi aende yeye wa kwanza kumsalimia aliyeshindwa, na amwombe kazi ndani ya kamati. Jamaa iliyopata jina lake kwenye liste ya chakula isimcheke jamaa iliyokosa, bali imsaidie baba yao kuuliza kwa nini walikosa. Na ninyi viongozi, siku munaposoma hukumu, mukataze nyimbo na kelele njiani. Hayo hayaombi feza.

Labda mtu atasema: «Ni rahisi kumngoja mwenzako ukiwa kijana na mwenye nguvu.» Basi tutazame maisha ya Derartu baadaye. Mwaka wa 1993 na wa 1994 goti lilimsumbua, akakaa inje ya mashindano makubwa. Huko Atlanta, mwaka wa 1996, akawa wa nne na kurudi bila medali. Mwaka wa 1998 akazaa mtoto wa kike. Wengi walihesabu kwamba amekwisha. Lakini mwaka wa 2000, huko Sydney, akashinda tena mita 10.000 kwa dakika 30 na sekunde 17, na akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo mara mbili katika Michezo ya Olimpiki. Mwaka wa 2001 akawa bingwa wa dunia huko Edmonton, katika Kanada. Ninyi munaoona kwamba miaka ya kambi imewaibia maisha, mukumbuke miaka ile minane kati ya zahabu yake ya kwanza na ya pili.

Na desturi yake ya kumwangalia mwenzake haikumtoka. Mwaka wa 2009, akiwa na miaka 37, alikimbia maratoni ya New York, kilomita 42. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekuwa mwenye kushikilia rekodi ya dunia wakati ule, aliumwa mguu na kuanza kubaki nyuma. Imesimuliwa kwamba Derartu alimgeukia akamtia moyo asiache. Radcliffe akamaliza akiwa wa nne. Derartu mwenyewe akashinda. Kumtia mwenzake moyo hakukumnyima ushindi.

Ninapaswa kusema ukweli wote. Mikono iliyoshikana huko Barcelona haikuondoa ubaguzi katika Afrika Kusini. Uliondolewa na mapambano ya watu, na mazungumzo marefu yaliyorudiliwa, mpaka uchaguzi wa mwezi wa nne 1994. Na Ethiopia yenyewe ilirudi katika vita. Tangu Novemba 2020 vita viliwaka katika jimbo la Tigray, na simu zilikatwa huko kwa muda mrefu. Katika mwezi wa saba 2022, kwenye mashindano ya dunia ya Eugene, katika Marekani, wasichana watatu wa Tigray walishinda zahabu kwa ajili ya Ethiopia: Letesenbet Gidey, Gotytom Gebreslase na Gudaf Tsegay. Wakati ule Derartu alikuwa rais wa shirikisho la riadha la inchi yake, kazi aliyoifanya tangu 2018 hadi 2024. Derartu ni Mworomo, si mtu wa Tigray. Lakini hakufurahia medali peke yake. Alisema mbele ya watu juu ya wazazi ambao hawakuweza kufurahi pamoja na watoto wao, akaomba amani. Tarehe 2 Novemba 2022 mapatano ya kusimamisha vita vile yalitiwa sahihi huko Pretoria, katika Afrika Kusini, inchi ile ile ya Elana Meyer.

Sisemi kwamba neno la Derartu ndilo lililoleta mapatano. Ninasema kwamba mtu mwenye kiti na jina alikumbuka, siku ya furaha, wale waliokuwa wanalia. Kiongozi anayefanya hivyo anawafungulia wengine mlango wa kusema. Kiongozi anayenyamaza anaufunga.

Wasikilizaji wapenzi, mbele ya kuachana ninawaachia maswali ya kuzungumzia leo jioni katika jamaa na katika vikundi vya wasikilizaji. Katika kijiji chetu ao kambi yetu, ni nani ameshinda jambo mwaka huu, na ni nani ameshindwa? Je, wawili hao wanasalimiana? Kama hawasalimiani, ni nani kati yetu anaweza kwenda kumwambia mshindi arudi nyuma hatua chache, amnyooshee mwenzake mkono? Na wewe unayesikiliza, kama ndiwe uliyeshinda, unangoja nini?