Mlinzi Aliyejificha Ndani ya Seli

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Kibondo na Kasulu)

Leo tuzungumze habari za kitu kidogo mno, kidogo hata darubini yenu ya maabara haiwezi kukionyesha. Kinaitwa humanini, nacho ni peptidi. Msiogope jina. Protini mnazijua: ni mnyororo mrefu wa asidi za amino. Peptidi ni mnyororo kama huo, ila mfupi. Insulini ina asidi za amino 51. Humanini ina 24 tu, basi.

Ajabu yake ni mahali inapotoka. Mnakumbuka mitokondria, ile sehemu ya seli inayogeuza chakula kuwa nguvu? Ina DNA yake yenyewe, mbali na ile ya kwenye kiini, na umeirithi kwa mama yako. Wataalamu walikwisha kuisoma yote, herufi 16,569, wakahesabu protini 13 wakafunga daftari. Kumbe bado.

Mwaka 2001 watafiti wa Japani, akina Yuichi Hashimoto na Ikuo Nishimoto, walikuwa wakichunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomfanya mzee asahau hata wanawe. Ugonjwa huo huua seli za ubongo, lakini sehemu ya kisogoni huwa haiharibiki sana. Kwangu mimi hapo ndipo penye akili ya kazi yao: hawakuchimba palipokufa, walichimba palipopona. Huko wakakuta maelekezo ya kutengeneza peptidi iliyozuia seli za ubongo zisife ndani ya kisahani cha maabara. Maelekezo yake yakaonekana yamo katika DNA ya mitokondria.

Inalinda vipi? Seli iliyoumia sana hujiua kwa utaratibu, isije ikaharibu jirani zake. Protini moja iitwayo Bax huenda kwenye mitokondria na kutoboa utando wa nje. Vitu vya ndani vikimwagika, seli imekwisha. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba humanini humshika Bax kabla hajafika. Watafiti walipobadilisha asidi moja tu ya amino, ile ya 14, peptidi ikawa kali mara 1,000 hivi katika majaribio yao. Mwaka 2015 ikatangazwa nyingine kutoka Marekani, MOTS-c, yenye asidi za amino 16.

Sasa mtaniuliza, mbona hospitali hatuioni? Kwa sababu si dawa. Kumponya panya na kuokoa seli kwenye kisahani ni jambo moja. Binadamu ni jambo jingine. Halafu fikirini wenyewe: seli ya saratani nayo inatakiwa ijiue. Ukimshika Bax mkono, umemsaidia nani? Katika panya wenye aina moja ya saratani ya matiti, humanini iliukuza uvimbe.

Lakini wapo wanaouza peptidi hizi katika vichupa vilivyoandikwa kwamba ni za utafiti tu, huku wakinong'ona eti zinarudisha ujana na kuongeza pumzi. Ninyi wakimbiaji msikie vizuri: MOTS-c imo katika orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika linalopambana na dawa za kusisimua michezoni. Na sindano ambayo hakuna daktari aliyekuandikia, jamani, ina mambo mengine mnayoyajua.

Basi kwa nini nimewaletea habari hizi huku kwenu? Kwa sababu ya ugali wa muhogo. Muhogo mchungu una linamarini, na linamarini ikivunjika hutoa sianidi. Sianidi inakwenda moja kwa moja kwenye mitokondria na kuiziba isitumie hewa ya oksijeni. Yaani mitambo ile ile inayotengeneza mlinzi wetu ndiyo sumu hii inayoizima.

Mwaka 1985, baada ya ukame, watu wa wilaya ya Tarime mkoani Mara walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, maana njaa haisubiri. Wengine miguu ilikakamaa ghafla na haikupona tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na huwapata zaidi watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Baadaye ulionekana pia Mtwara na Mbinga. Hakuna peptidi ya kuuponya. Hakuna dawa yoyote ya kuirudisha miguu ile ilivyokuwa.

Kinachofaa kinajulikana na bibi zenu: kumenya, kuloweka siku tatu au zaidi mpaka muhogo ulainike, kisha kuanika. Hatari inakuja siku tatu zinapogeuka kuwa moja. Kuchemsha peke yake hakutoshi kwa muhogo mchungu. Mboga nayo ina kazi: mwili huitoa sianidi kwa kutumia salfa inayotoka katika protini, kwa hiyo dagaa wa Tanganyika na maharage ya Kasulu si kitoweo cha kujazia sahani.

Na kama unga umekwisha kusagwa na una wasiwasi nao? Howard Bradbury wa Australia aligundua njia isiyo na gharama, ikatumika katika vijiji vya Kongo vilivyokuwa na konzo. Tia unga mkavu katika bakuli, weka alama mahali unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka kwa saa mbili juani, au saa tano kivulini kama ni masika na jua limegoma. Sianidi huondoka kama gesi. Usonge ugali siku hiyo hiyo. Ila msiurundike kama kichuguu: unene usizidi sentimita moja, kwa sababu gesi ya chini haitapata njia ya kutokea.