Samaki wa Bonde la Kilombero



Leo nataka kuwaeleza jambo ambalo watu wa Ifakara wameliona tangu utoto, bali si wote waliojiuliza sababu yake. Wakati wa kiangazi dimbwi lililo kando ya njia hukauka hata udongo wake ukapasuka, na watu wakapita juu yake. Mvua zikinyesha, dimbwi likajaa, baada ya majuma machache mna samaki ndani yake. Mto haukufika hapo, wala hapana mtu aliyewaleta. Wametoka wapi? Wako wasemao kwamba wameanguka pamoja na mvua. Sivyo.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge. Wakati wa masika maji hushuka toka milimani, mto ukapita kingo zake, na uwanda ukawa kama ziwa. Kiangazi maji hurudi, yakaacha madimbwi tu. Basi samaki wa hapa hana budi kujua kuishi katika wingi na katika uhaba, na kila jamaa ya samaki ina njia yake.

Mtazameni kambale. Maji ya dimbwi yapunguapo huwa ya moto na machafu, na hewa iliyomo ndani yake ni haba. Samaki wengine hufa. Lakini kambale, juu ya matamvua yake, anacho kiungo kingine chenye matawi kama mti mdogo, nacho huvuta hewa hii tuivutayo sisi. Ndiyo maana huinuka mara kwa mara na kutoa kinywa juu ya maji. Tena usiku wa mvua huweza kujikokota juu ya nyasi mbichi, akahamia maji mengine.

Perege naye hulinda watoto. Mama huyachukua mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe, na hata baadaye, hatari ikija, wadogo hukimbilia humo humo.

Sasa turudi kwenye dimbwi letu. Samaki wale ni wadogo, hawapiti urefu wa kidole. Dume ana rangi za kung'aa, jike ni wa rangi hafifu. Mwaka 2002 wataalamu walimwandika mmoja wao kwa jina la kitaalamu Nothobranchius kilomberoensis, yaani wa Kilombero. Yeye hukua upesi, akataga mayai katika matope kabla maji hayajaisha. Dimbwi likikauka, wazazi wote hufa. Bali mayai hubaki hai udongoni, yakingoja mvua. Tena si yote yaanguliwayo kwa mvua ya kwanza. Mvua hiyo ikiwa ya uongo, dimbwi likakauka tena, watoto hao watakufa, lakini mayai mengine yamebaki. Mkulima mwenye busara hapandi mbegu zake zote siku moja. Akiba haiozi.

Basi jihadharini. Mtu akiona dimbwi kavu hudhani ni mahali patupu, akalifukia au akalichimba. Kumbe ameharibu ghala ya mbegu, na samaki yule hawezi kuja kutoka mtoni kushika mahali pa waliokufa. Naye ana faida kwetu, kwa kuwa hula viluwiluwi vya mbu. Vivyo hivyo, mafuriko yaanzapo, kambale hupanda mifereji kwenda kutaga katika nyasi zilizofunikwa na maji. Azibaye mfereji siku hizo kwa chandarua cha mbu amekula samaki wa leo pamoja na wa mwakani.

Nanyi wanafunzi, fanyeni jaribio. Mwisho wa kiangazi chukueni konzi moja tu ya udongo wa dimbwi la namna hiyo, mtie katika chungu, mmimine maji ya mvua, mkatazame kila asubuhi. Msipoona kitu, msikate tamaa: kausheni udongo na mjaribu tena. Mkiona watoto wa samaki, wadogo kama uzi, warudisheni dimbwini mvua zikilijaza. Ndipo mtakapojua kwa macho yenu wenyewe kama samaki huanguka kutoka mbinguni.

Kwaherini.